Laika: neno dogo tuliloliacha kwenye kamusi

Leo niko na shida na tafsiri moja.

Kuna karatasi ya mafunzo ya pepinyeri inayozunguka kwa wakulima wetu. Inasema hivi: wakati wa kuhamisha mche, "linda mizizi midogo". Kifaransa kilisema "poils absorbants". Bandugu, ile si mizizi! Kila kimoja ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi, iliyorefuka nyuma kidogo ya ncha, nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Hapo ndipo mmea unanyonya sehemu kubwa ya maji na fosfori. Mwaka 1937, Howard Dittmer wa Marekani alikadiria kwamba mmea mmoja wa seigle uko nayo karibu bilioni 14.

Sasa mkulima anang'oa mche wa shu, anakung'uta udongo, anaangalia: mizizi midogo iko yote. "Iko muzuri." Saa sita majani yamelala. Anamwagilia maji, wapi! Vile vya kunyonya vilibaki katika udongo aliokung'uta. Atalaumu mbegu, wakati alifuata karatasi neno kwa neno.

Wengine wanaandika "vinyweleo". Lakini kamusi inasema kinyweleo ni kitundu cha ngozi ambamo unywele unatoka. "Nyuzinyuzi" nayo inaleta mawazo ya katani na kamba, kitu kigumu cha kuvuta. Hapa tunazungumzia kitu kinachokatika kwa kuguswa tu.

Kiswahili kiko na neno lake: laika, wingi malaika. Ni unywele mfupi, laini, unaoota kwenye mkono na mwili. Nani analitumia leo? Wachache sana. Lakini linaonyesha vizuri umbo, ulaini na mahali: linaota juu ya ngozi, si tawi la kitu kingine.

Najua mtacheka: "Malaika ku muzizi? Ya mbinguni ao?" Kwa Kiswahili sanifu sarufi inatenganisha: malaika wa mbinguni, malaika ya mkono. Kwetu Kongo "ya" inaingia kila mahali, kwa hiyo sarufi peke yake haitatuokoa. Dawa ni mkono wenyewe. Mwambie mkulima aangalie mkono wake juani: "Unaona haya? Mzizi pia uko nayo. Ukikung'uta udongo, unayang'oa." Kisha mwambie ahamishe mche pamoja na bonge lake la udongo, jioni. Ataelewa kwa nini, na akielewa kwa nini, hatahitaji karatasi tena.

Sisemi tuache Kifaransa. Nasema mtu aliyepata lisansi asipeleke shambani neno linaloficha kazi yenyewe. Kama kwa lugha ya kwenu, Mashi, Kinande, Kiluba, kuna neno bora kuliko laika, lileteni tulipime.