Wajane wa Sinema na Wajane Wetu

Sinema za mapenzi zenye kuchekesha zina desturi yao: mtu afiwa mwanzoni, acheka katikati, apata mchumba mwishoni. Tusizidharau. Watu wengi wa Kapata huzitazama jioni nyumbani, nazo zawafundisha, watake wasitake, namna ya kumlilia mpenzi na namna ya kuanza tena. Kwa hiyo yafaa kuuliza kama zasema kweli.

Nachukua moja iliyo maarufu, Sleepless in Seattle, aliyoiongoza Nora Ephron mwaka 1993. Yaanza makaburini Chicago. Sam, mchoraji wa ramani za majumba, amemzika mkewe Maggie aliyekufa kwa saratani. Watu wamemletea vyakula, wamempa na kadi za washauri wa wafiwa, naye azitoa moja moja kwa hasira. Hapo sinema yasema kweli kabisa, maana maneno mengi ya faraja humchosha mfiwa. Kisha ahamia Seattle na mwanawe Jonah, wakakae katika nyumba inayoelea majini. Mkesha wa Noeli, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo, mtoto apiga simu redioni kumtafutia baba mke mpya. Annie, mwandishi wa gazeti huko Baltimore, asikia sauti ya Sam akiwa garini, aanza kumpenda mtu asiyemjua.

Sehemu iliyo bora kupita zote ni fupi. Usiku mtoto amwambia baba kwamba ameanza kumsahau mama yake. Baba hamkemei, wala hamwambii anyamaze. Amsimulia jinsi mama alivyoweza kumenya tofaa zima bila ganda kukatika. Basi, ni hilo tu. Nimesikia hotuba nyingi kilioni, na chache zilimrudisha marehemu kati yetu kama ganda lile la tofaa.

Nilipoitazama mara ya pili, jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwapo. Alicheka sana kwa wale wanaume wawili wanaojifanya kulia juu ya sinema ya vita. Halafu akauliza ndugu za marehemu wako wapi. Sikuwa na jibu. Katika sinema hiyo hakuna ndugu wa Maggie anayekuja kudai kitu. Hakuna anayehesabu vyombo, hakuna anayeuliza watoto watakwenda kwa nani. Sam achoka na mji, auhama. Huzuni yake ni ya moyo peke yake, na dawa yake ni moyo mwingine.

Kwetu katika miji ya shaba, mama akifiwa na mumewe, swali la kwanza mara nyingi ni la nyumba. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 yamhesabu mjane kati ya warithi, yampa na haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe. Lakini sheria iko karatasini, na shemeji yuko mlangoni. Mama wa namna hiyo hana nafasi ya kuwaza juu ya sauti ya redioni.

Sisemi kicheko ndicho kibaya. Hapa kwetu, kama kule Tanzania, watani huja kilioni wakawachekesha wafiwa, wala hakuna aoneaye haya. Lakini mtani hucheka akiwa ameketi pamoja na mfiwa, amjua na marehemu.

Kuna na Walter, mchumba wa kwanza wa Annie. Ni mtu mwema; kosa lake kubwa ni kupiga chafya kila mara. Annie amrudishia pete mezani, mkahawani New York, kisha akimbilia jumba refu la Empire State kumtafuta Sam. Walter akubali kwa upole, nasi hatumwoni tena. Aliyefiwa apewa sinema nzima. Aliyeachwa apewa dakika chache. Je, huyu hakupoteza mpenzi?

Katika P.S. I Love You, ya mwaka 2007, Gerry amekufa kwa uvimbe wa ubongo, lakini barua zake zazidi kumfikia mkewe Holly, zikimwamuru aende huku, aimbe kule, asafiri mpaka Ireland. Yachosha kidogo, marehemu asiyenyamaza. Hata hivyo twamwelewa upesi, maana kwetu wasia wa mtu anayekufa ni mzito. Wasia mwingi hufunga. Wa Gerry wamfungua mkewe, wampa ruhusa ya kupenda tena. Na mwongozaji, Richard LaGravenese, hakumpa Holly bwana mpya mwishoni ili tuondoke tumefurahi. Holly arudi Ireland, safari hii pamoja na mama yake.

Jirani yangu hakuipenda sana. Alisema barua ni nyingi mno. Ameomba tumwonyeshe tena ile ya tofaa.