Kiti na Sauti: Muziki wa Ibada katika Kanisa la Misheni la Mtakatifu Alban, Holborn

Kanisa la Mtakatifu Alban liliwekwa wakfu mwaka 1863 katika eneo la Holborn, London, miongoni mwa familia maskini za vibarua na wachuuzi. J. G. Hubbard aligharimia ujenzi, William Butterfield akalisanifu, na A. H. Mackonochie akawa kasisi wake wa kwanza. Tofauti na makanisa mengi ya zama hizo, ambamo wenye uwezo walikodi mabenchi, hapa viti vilikuwa bure. Mjadala kuhusu kanisa hili umeelemea mashauri ya mahakamani yaliyomwandama Mackonochie tangu mwaka 1867 kwa sababu ya mishumaa, uvumba na namna ya kupiga magoti. Makala haya yanahoji kwamba mwelekeo huo umeacha kando swali la msingi: je, maskini aliyepewa kiti alipewa pia sauti?

Jibu limo katika umbo la nyimbo zenyewe. Watetezi wa uimbaji wa Kigregori waliuona kuwa mali ya waumini wote, kwa kuwa huimbwa kwa sauti moja bila kuhitaji kwaya ya sauti nne. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haijitoshelezi. Mistari ya Zaburi haina mizani sawa, na silabi nyingi hubebwa na noti moja. Asiyejua kusoma hawezi kubashiri mahali pa kupandisha au kushusha sauti. Mhudhuriaji wa miaka mingi huikariri; mgeni hunyamaza. Ilhali kanisa la misheni huwepo kwa ajili ya mgeni.

Tenzi zilizoenezwa na kitabu cha Hymns Ancient and Modern, kilichotoka mwaka 1861, zilikuwa na umbo jingine: beti za mizani inayolingana na lahani inayorudi katika kila ubeti. Aliyeshindwa kuidaka lahani katika ubeti wa kwanza aliidaka katika wa tatu. Nje ya Uanglikana, mchungaji John Curwen aliendeleza mfumo wa Sarah Glover wa Norwich na kuieneza solfa, ambayo huandika sauti kwa herufi. Mfanyakazi aliyejua herufi aliweza kujifunza wimbo mpya bila kinanda.

Kwa hiyo, kuugawa muziki wa ibada kuwa wa hadhi ya juu na wa hadhi ya chini hakusaidii uhakiki. Kipimo kinachofaa ni nafasi ambayo umbo la wimbo humpa mwimbaji. Kipimo hicho kinaihusu pia Afrika Mashariki, kwani Misheni ya Vyuo Vikuu iliyofanya kazi Unguja ilikuwa ya mrengo huohuo wa Kianglikana. Utenzi unapotafsiriwa kwa Kiswahili huku silabi ya pili kutoka mwisho, yenye mkazo, ikiangukia pigo dhaifu la lahani, waumini huimba maneno yasiyosikika kama lugha yao. Hapo tena kiti kipo, sauti haipo.