Mganga Mwenye Majina Mawili: Uhakiki wa Lugha ya Ushirikiano wa Madaktari na Serikali katika Huduma za Afya, Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo serikali na madaktari wa Tanzania wameitumia kumwelezea mganga wa jadi wa Shinyanga na wa ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Matini zinazohakikiwa ni Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, pamoja na matamko ya serikali ya mwaka 2009 na 2015. Kigezo cha uhakiki ni dhana ya usalama wa kitamaduni. Hoja kuu ni kwamba matini hizi zinampa mganga majina mawili, mshirika anayesajiliwa na mshukiwa anayesakwa, huku zikimwacha pembeni mgonjwa na swali lake. Swali hilo lisipojibiwa hospitalini hupelekwa kwingine, na mara nyingine jibu lake humgharimu mwanamke mzee uhai wake.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizotoka katika mikoa ya Mwanza, Kagera na Shinyanga. Bukombe, kwa mfano, ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Mpaka huo wa kiutawala haukubadili njia za wagonjwa. Msukuma wa Kahama, Msumbwa wa Bukombe na Mzinza wa Geita wote huanza na dawa za nyumbani, hupita kwenye duka la dawa, kwa mganga au kwenye zahanati, na ugonjwa ukizidi hupelekwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza. Mpangilio wa vituo hivyo hubadilika kulingana na ugonjwa, fedha na ushauri wa wazee wa nyumba.

Serikali imekiri kuwapo kwa njia hizo kwa muda mrefu. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, miaka minne kabla ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wanaoweza kuhitajika katika afya ya msingi. Kwa hiyo makala haya hayaulizi kama serikali na madaktari wanamtambua mganga. Yanauliza wanamtambua kwa jina gani, na jina hilo linamfanyia nini mgonjwa.

Ni vyema kueleza mapema kwamba sheria zinazohakikiwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Wananchi wa Shinyanga na Geita walizipokea kwa Kiswahili, katika mikutano ya hadhara, redioni na kwenye barua za watendaji wa vijiji. Uhakiki huu unajikita zaidi katika msamiati huo wa Kiswahili, kwa kuwa ndio uliofika kijijini.

2.0 Kigezo cha Uhakiki

Dhana ya usalama wa kitamaduni iliasisiwa na wauguzi wa Kimaori nchini Nyuzilandi, na jina linalohusishwa nayo zaidi ni la Irihapeti Ramsden. Baraza la Wauguzi la nchi hiyo liliiingiza katika mafunzo ya uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyeipokea. Muuguzi hawezi kujipa alama kwa sababu tu amejifunza mila za wagonjwa wake.

Dhana hii haiwezi kuhamishwa Usukumani bila tahadhari. Wamaori walikuwa wakidai heshima kutoka kwa watumishi waliokuwa wengi wao wazao wa walowezi. Shinyanga, daktari na mgonjwa wanaweza kuwa watu wa kabila moja na hata wa ukoo mmoja. Kinachowatenga ni shule, mshahara na koti jeupe. Aidha, katika eneo hili mila inaweza kumdhuru mtu asiyekuwamo wodini kabisa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia kigezo chenye pande mbili: huduma ni salama pale ambapo mgonjwa anaweza kusema alikopita bila kuaibishwa, na pale ambapo ugonjwa wake haugeuki kuwa hukumu ya mtu mwingine.

3.0 Nani Anamiliki Neno "Mganga"?

Kiswahili cha serikali kina Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Wilaya na Mganga Mfawidhi wa kituo. Hawa wote ni watumishi wa tiba ya kisasa. Mtu ambaye neno hilo lilikuwa lake tangu awali amelazimika kuongezewa sifa ili atofautishwe: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi, mganga wa tiba asili. Sifa ya kwanza, "kienyeji", ina maana ya kitu cha wenyeji wa mahali, lakini katika matumizi ya ofisini imebeba dharau. Ya mwisho, "tiba asili", ndiyo iliyochaguliwa na sheria.

Kisukuma hakina tatizo hilo. Mtu huyo ni nfumu, na wengi wao ni bafumu. Hata hivyo neno hilo nalo linafunika kazi nyingi. Wapo wanaojua miti na mizizi, wapo wanaounga mifupa, wapo wanaoagua kwa kuku, na wapo Bayeye, chama kinachojulikana kwa ngoma za nyoka na kwa dawa za sumu ya nyoka. Mwanakijiji anajua aende kwa nani kwa shida ipi. Matini za serikali kwa kawaida hazijui. Zinapomtaja "mganga" zinamtaja muunga mifupa na mpiga ramli kwa pumzi moja, na adhabu ya mmoja humwangukia mwenzake.

4.0 Sheria Mbili kwa Mtu Mmoja

Sheria ya Uchawi ilitungwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1928 na ingali katika vitabu vya sheria. Inafanya kuwa kosa mtu kudai ana nguvu za uchawi, na pia kumtuhumu mwingine kuwa mchawi. Lakini sheria hiyohiyo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akae mahali palipotajwa. Hapa pana mgongano wa ndani. Mwanakijiji anakatazwa kuuliza "nani karoga?", kisha ofisa wa serikali anaruhusiwa kutenda kana kwamba swali hilo lina jibu.

Sheria ya mwaka 2002 inaongea kwa sauti nyingine. Inaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, inaweka msajili, na inadai waganga, vituo na dawa zao zisajiliwe. Hii ni lugha ya taaluma, na kwa kiasi kikubwa ni heshima ambayo waganga hawakuwahi kuipata. Udhaifu wake ni kwamba msamiati wake ni wa bidhaa na leseni. Mganga anaonekana kama mwenye dawa inayoweza kupimwa maabara na mwenye banda linaloweza kukaguliwa. Kazi yake nyingine, ya kuketi na familia na kutafuta maana ya msiba, haina safu katika fomu ya usajili.

Sauti hizo mbili zilikutana wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Miaka miwili baadaye, mwaka 2011, maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapila, na viongozi wa serikali walikuwa miongoni mwao. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alipiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto mchanga mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake mkoani Geita na kuuawa. Kufikia Machi polisi walikuwa wamewakamata waganga zaidi ya 200 katika mikoa ya kaskazini-magharibi.

Hakuna mhakiki mwenye utu atakayelaumu serikali kwa kuwasaka wauaji. Linalohitaji kuhakikiwa ni istilahi iliyozaliwa katika kampeni hiyo: "ramli chonganishi". Kisarufi, kivumishi hicho kinabainisha aina moja ya ramli na kuziacha nyingine. Msikilizaji wa Shinyanga anaweza kuelewa, bila kosa, kwamba ipo ramli isiyochonganisha na kwamba hiyo inaruhusiwa. Lakini hakuna matini inayoeleza mpaka uko wapi, na aliyeachiwa kuuchora ni askari. Matokeo yake mganga mwenye cheti cha Baraza na asiye nacho wote walijificha, na pamoja nao ikajificha habari ambayo daktari aliihitaji: mgonjwa huyu ametumia dawa gani kabla ya kuja hapa?

5.0 Swali la "Nini" na Swali la "Nani"

Daktari hufundishwa kuuliza ni nini kinachomsumbua mgonjwa. Familia nyingi za Usukumani, zikiwa na jibu hilo mkononi, bado huuliza kwa nini huyu, kwa nini sasa, na nani anahusika. Uhakiki wetu unaona kwamba udhaifu mkubwa wa ushirikiano uliopo ni kuliacha swali la pili bila mjibu halali. Mifano mitatu inatosha kuonyesha hilo.

Mfano wa kwanza ni degedege. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria, waliipeleka kwa mganga kwanza, na baadhi waliamini kwamba sindano ingemuua mtoto. Mama mwenye imani kama hiyo akifika zahanati na mtoto mwenye chale na hirizi, anaweza kukaripiwa mbele ya wenzake. Karipio hilo halimrudishi nyuma saa alizopoteza. Linamfundisha tu kwamba safari ijayo afiche, au asije.

Mfano wa pili ni mchimbaji mdogo. Huyu huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kisha huichoma, mara nyingine karibu na jiko la nyumbani. Rwamagasa, wilayani Geita, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na Mradi wa Dunia wa Zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na dalili za sumu hiyo zilionekana kwa wachomaji. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, hasira hupanda. Kwa jirani asiyejua zebaki, mtu aliyepata dhahabu jana na leo anatetemeka amerogwa na mwenye wivu. Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, walihusisha biashara ya viungo vya watu wenye ualbino na hofu na matarajio ya wachimbaji wa eneo hili. Hivyo mtumishi wa afya asiyemuuliza mchimbaji kuhusu zebaki anaacha pengo ambalo mfanyabiashara wa bahati atalijaza.

Mfano wa tatu ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Amepika miaka hamsini kwa mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwa kuwa kuni ni adimu. Kitabibu wekundu huo ni kazi ya moshi. Katika masimulizi ya kijiji umekuwa ushahidi wa uchawi, na wanawake wameuawa kwa mapanga kwa sababu yake. Simeon Mesaki, katika utafiti wake kuhusu mauaji hayo Usukumani, aliyahusisha pia na msongamano ulioletwa na uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa. Mzee huyu hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote siku alipotajwa. Aliyekuwa mgonjwa ni mtoto wa jirani, na mtoto huyo huenda alifia wodini bila mtu kuiambia familia, kwa lugha yake, ni nini kilichomuua.

Hapa ndipo kigezo chetu kinapotenganisha uhakiki huu na utetezi wa mila. Usalama wa kitamaduni wa mama aliyefiwa hauwezi kununuliwa kwa uhai wa bibi wa nyumba ya pili. Hata hivyo, bibi huyo hatalindwa na marufuku peke yake, maana marufuku hukataza jibu na kuliacha swali likiwa hai.

6.0 Matini ya Kulinganisha: Kibuguma wa Kitereza

Riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ukerewe ni jirani wa Usukuma, na ulinganisho una msingi. Bugonoka anarudi kwa wazazi wake kwa sababu ya masimango ya ndugu wa mume kuhusu utasa. Myombekere anamfuata, wanarejeana, kisha wanamwendea mganga Kibuguma, na hatimaye Ntulanalwo anazaliwa.

Kinachotuhusu ni namna msanii alivyoipa tiba hiyo nafasi. Utasa katika riwaya hii ni shida ya nyumba, na mganga anawatazama mume na mke kama watu wanaohitaji kuponywa pamoja na wanaohitaji kueleweka na jamaa zao. Hatudai kwamba Kibuguma ni mfano wa kila mganga, wala kwamba dawa zake zingepita maabara. Tunadai kwamba Kitereza aliandika sehemu ya uganga ambayo fomu ya usajili haikuiandika: muda na mazungumzo.

Sehemu hiyo si ndoto ya kifasihi tu. Tangu mwaka 1990 madaktari wa Hospitali ya Bombo mkoani Tanga walifanya kazi na waganga katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Mganga alitoa miti na maarifa yake, hospitali ikatoa vipimo, na wagonjwa wakafuatwa majumbani. Huko Tanga mganga alikuwa na jina moja.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba lugha ya ushirikiano katika Shinyanga na Geita imegawanyika kati ya leseni na pingu, na kwamba mgonjwa ametokea humo kama mtu wa kulindwa asiyeulizwa. Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hiyo. Kwanza, matamko ya serikali yataje tendo linalokatazwa, yaani kumtaja mtu kuwa mchawi na kuagiza viungo vya binadamu, badala ya kutumia istilahi isiyo na mpaka. Pili, mganga aliyesajiliwa anayempeleka mgonjwa zahanati apokee majibu kwa maandishi, ili rufaa isiwe njia ya upande mmoja. Tatu, kila kifo cha mtoto au cha mchimbaji kinachotokea kituoni kielezwe kwa familia na mtumishi anayejua lugha yao, kabla mwili haujaondoka.

Pendekezo la tatu ndilo rahisi kuliko yote, na halihitaji sheria mpya. Linahitaji Mganga Mfawidhi aketi na wafiwa kwa muda wa kutosha kulisikia swali lao hadi mwisho. Akifanya hivyo atakuwa amelirudishia jina lake sehemu ya kazi iliyolizaa, na mwanamke mzee wa nyumba ya jirani atakuwa amepata mlinzi asiyemjua.