Punch na Bunch: nasaba ya mama yake Obama ilivyofuatiliwa

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, swali la Uafrika wa Barack Obama lilikwisha kujibiwa zamani: baba yake alikuwa Mjaluo wa Kogelo, Siaya, na mama yake, Stanley Ann Dunham, alikuwa mzungu wa Kansas. Ndiyo maana tangazo la Julai 2012 liliwashangaza wengi. Watafiti wa kampuni ya nasaba ya Ancestry.com walisema mama huyo huyo ni mzawa wa John Punch, Mwafrika aliyehukumiwa utumishi wa maisha katika koloni la Virginia mwaka 1640, vizazi 13 kabla ya Obama. Magazeti yaliipokea habari hiyo kama jambo moja. Kwa kweli yalikuwa madai mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kwamba ukoo wa Bunch wa Virginia, ambao Dunham alitokana nao, ulianzishwa na mwanamume Mwafrika. La pili ni kwamba mwanamume huyo alikuwa John Punch. La kwanza limesimama imara. La pili ni kisio zuri lenye hoja, lakini kisio, na tofauti hiyo haionekani mpaka mtu afuate jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa.

Karatasi zenyewe ni chache mno. Habari za Punch zinatokana na hukumu ya tarehe 9 Julai 1640, pale Mahakama Kuu ya koloni ilipowahukumu watumishi watatu wa Hugh Gwyn waliotorokea Maryland wakarudishwa. Wote watatu waliamriwa viboko 30. Victor, Mholanzi, na James Gregory, Mskoti, waliongezewa mwaka mmoja wa kumtumikia bwana wao na mitatu ya kulitumikia koloni. Wa tatu, aliyeandikwa kuwa mtu mweusi aitwaye John Punch, akaamriwa atumike maisha yake yote. Haikutajwa kama ana mke wala mtoto. Miaka 22 baadaye, mwaka 1662, anatokea John Bunch mwenye hati ya ardhi ya ekari 450. Hakuna waraka unaosema kwamba mmoja alimzaa mwingine, na ukitazama yaliyozipata nyaraka za Virginia hutashangaa. Jengo la mahakama la New Kent, wilaya walikoishi akina Bunch, lilichomwa moto mwaka 1787, na sehemu kubwa ya majalada ya Mahakama Kuu iliteketea Richmond mwezi Aprili 1865, jeshi la Kusini lilipokuwa likiuhama mji. Kilichosalimika ni kile kilichohifadhiwa au kunakiliwa mahali pengine: vitabu vya hati za ardhi, kumbukumbu za vikao vya Baraza la Gavana, madaftari ya parokia chache.

Katika hizo kumbukumbu za Baraza ndimo lilimo fundo la kazi nzima. Mwaka 1705 mwanamume mwingine wa jina lile lile, John Bunch, aliyeandikwa kuwa chotara, alilalamika pamoja na Sarah Slayden, mwanamke mzungu, kwamba mchungaji wa parokia ya Blisland amekataa kuwafungisha ndoa. Mchungaji alijitetea kwa sheria ya 1691 iliyokataza wazungu kuoana na weusi, machotara au Wahindi Wekundu. Baraza lilimpelekea swali mwanasheria mkuu, naye hakuwa na jibu la moja kwa moja: aliona kwamba neno chotara lamhusu mtoto wa mwanamume mweusi na mwanamke mzungu, lakini alisita kuliteremsha hadi kwa mtoto ambaye chotara amezaa na mwanamke mzungu. Kusita huko ni ushahidi wa thamani kuliko cheti. Swali lisingezuka kama Bunch angekuwa mtoto wa Mwafrika moja kwa moja. Lilizuka kwa sababu Uafrika wake ulikuwa wa vizazi kadhaa nyuma, jirani wanaujua na sheria haijui kuupima. Mwaka huo huo bunge la koloni likaziba tundu: mtoto, mjukuu na kitukuu wa mtu mweusi wote wakahesabiwa machotara. Maofisa hao hawakuwa wakiwatunzia wajukuu historia. Walitaka kujua nani azuiwe, na kwa kutaka kumzuia wakaandika asili yake.

Hata hivyo, waraka mmoja wa 1705 unaweza kupingwa. Huenda damu ya Kiafrika iliingia katika tawi hilo peke yake, na Bunch wa 1662 alikuwa Mwingereza tu. Hapa ndipo vinasaba vilipotumika, na inafaa kueleza vilitumikaje, kwa sababu wengi hudhani Obama mwenyewe alipimwa. Kumpima kusingesaidia. Babu wa vizazi 13 nyuma humwachia mzawa wake kwa wastani sehemu moja kati ya 8,192, na si ajabu isibaki hata chembe. Juu ya hayo, chochote cha Kiafrika ambacho kingeonekana kingefunikwa na urithi wa baba yake Mkenya. Waliopimwa ni wanaume wa ukoo wa Bunch, kwa sababu kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. Wanaume wa matawi yaliyoachana zamani, wakiwemo wanaojulikana leo kuwa wazungu, walikutwa na kundi la E1b1a, ambalo ni la Afrika kusini ya Sahara. Matawi yaliyotengana yakiwa na alama moja, chanzo chake kiko kabla ya kutengana kwao. Pingamizi la tawi moja linaanguka hapo. Nyaraka na vinasaba havikunakiliana: karani wa 1705 hakujua kromosomu, na maabara haikusoma kumbukumbu za Baraza. Kutoka Virginia hadi Kansas, kupitia Tennessee na Arkansas, iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida ya kuunganisha sensa, wosia na ndoa, ambako ukoo ulipita kwa mabinti na jina la Bunch likapotea njiani.

Ila tusiupe mzigo usio wake. E1b1a imeenea Afrika Magharibi, Kongo, Angola na karibu kote wanakozungumza lugha za Kibantu, na wasomaji wengi wa safu hii walioko Tanga au Mwanza huenda wanayo. Inasema Afrika, haisemi kijiji, na kwa yakini haisemi Punch.

Hoja za kumtaja Punch ni tatu. Waafrika wa Virginia walikuwa wachache: hesabu ya watu ya 1625 ilitaja ishirini na kitu tu, na kufikia 1640 wanahistoria wanakisia kama 150. Majina Punch na Bunch yanakaribiana, na makarani waliandika kwa kusikia. Tena umri unalingana: mtoto aliyezaliwa miaka ya 1630 angekuwa mtu mzima wa kupokea ardhi mwaka 1662. Kuna anayeuliza vipi mtoto wa mtumishi wa maisha awe huru na mwenye mashamba. Hilo linajibika. Paul Heinegg, aliyepekua majalada ya mahakama na kodi ya makoloni ya Kusini familia kwa familia, alionyesha kwamba familia nyingi za Waafrika huru wa enzi hiyo zilitokana na wanawake wazungu, wengi wao watumishi wa mkataba, waliozaa na wanaume Waafrika. Sheria ya Desemba 1662 ilipoamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, iliwafunga watoto wa watumwa wa kike, lakini haikumgusa aliyezaliwa na mwanamke huru.

Jibu hilo hilo, kwa bahati mbaya, ndilo linaloitia hoja ya jina ufa. Kama mama alikuwa Mwingereza asiyeolewa, mtoto kwa desturi angechukua jina la mama, na Bunch ni jina la Kiingereza. Hapo baba angeweza kuwa yeyote kati ya wanaume Waafrika wa koloni, na mfanano na Punch ukawa wa bahati tu. Hatuwezi kumhitaji mama mzungu ili kueleza uhuru wa mtoto, kisha tukamsahau tunapoeleza jina. Waliotetea kisio wanaweza kusema kwamba wazazi huenda walioana, kwani mwaka 1640 hakukuwa na sheria ya kuwazuia. Sawa, lakini ndoa hiyo haina waraka.

Wapo waliolitupa dai zima kwa sababu kampuni iliyolitangaza huuza huduma za nasaba. Biashara ni sababu ya kukagua, nao ukaguzi ulifanywa: Elizabeth Shown Mills, mmoja wa wanaoheshimiwa zaidi Marekani katika kanuni za ushahidi wa nasaba, aliipitia kazi hiyo na kuikubali. Watafiti wenyewe walikiri kwamba hakuna uthibitisho wa moja kwa moja. Tahadhari hiyo ilipotelea kwenye vichwa vya habari.

Dai la pili linaweza bado kupimwa, na si lazima kungoja maabara. Koloni lilimpa ekari 50 yeyote aliyelipa nauli ya mtu mmoja kuja Virginia, na hati za ardhi mara nyingi ziliorodhesha majina ya walioletwa. Kwa kipimo hicho ekari 450 za John Bunch ni vichwa tisa, ingawa haki hizo zilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine. Vitabu vyenyewe vilinusurika moto wa 1865. Akipatikana humo mwanamke aitwaye Bunch aliyevushwa bahari kabla ya John kuzaliwa, Punch atakuwa amepoteza hoja yake kubwa, na ukoo utabaki wa Kiafrika vile vile, ila babu yake hana jina.