Ibada ya siku 96: jinsi Bethel ilivyowazuia maafisa wa uhamiaji

Uholanzi ina sheria ya mwaka 1994 inayoeleza lini askari anaweza kuingia ndani ya jengo. Kifungu chake cha 12 kinamkataza kuingia mahali pa ibada wakati ibada inaendelea, isipokuwa mtu akikutwa papo hapo akitenda kosa. Kifungu hakitaji ibada idumu muda gani. Ni kwa pengo hilo wachungaji wa The Hague walivyoihifadhi familia ya watu watano kutoka Armenia, baba, mama na watoto watatu, tangu mchana wa Oktoba 26, 2018 hadi Januari 30, 2019. Ibada moja, siku 96, bila kukatika.

Habari hii imesimuliwa sana kama muujiza wa imani. Nataka kuitazama kama kazi iliyopangwa, kwa sababu ilipangwa vizuri sana.

Tuanze na sababu ya kufika huko. Familia ilikuwa imeishi Uholanzi karibu miaka tisa. Baba alisema alikimbia vitisho kwa sababu ya siasa. Mahakama iliwahi kuipa familia haki, serikali ikakata rufaa, na mwishowe serikali ikashinda. Kilichobaki kilikuwa mpango wa 2013 wa kuwapa ukaazi watoto walioomba hifadhi na kuishi nchini zaidi ya miaka mitano. Kwenye karatasi watoto hawa walistahili. Lakini mpango ulikuwa na sharti kwamba familia iwe imeshirikiana na serikali katika maandalizi ya kuondoka kwake. Yaani mzazi asaidie kumwondoa mwanawe nchini, ndipo mwanawe aruhusiwe kubaki. Maombi mengi mno yalikwama kwenye sharti hilo, na la familia hii likakwama pia.

Kanisa la kwanza kuwapokea lilikuwa la Katwijk, mji walikokuwa wakiishi na kusali. Usharika mmoja wa mji mdogo hauwezi kuendesha ibada usiku na mchana kwa majuma, kwa hiyo familia ikahamishiwa kanisa la Bethel, The Hague. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya zamu.

Wengi wanaosikia kisa hiki hukimbilia kile kifungu cha sheria, na mimi naona zamu ndizo zilizoamua. Kifungu kinalinda ibada inayoendelea. Mchungaji akichelewa kwa robo saa, mwenzake akaondoka, ukumbi ukabaki kimya, ulinzi wa sheria umekwisha na askari anaweza kupita mlangoni. Kwa hiyo aliyemaliza zamu hakuondoka mpaka mwenzake awe amekwisha kuipokea ibada, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Walianza wakiwa kundi dogo la wachungaji waliofahamiana. Kufikia Desemba waliojiandikisha walikuwa wamevuka 500, kutoka madhehebu yapatayo 20, wengine wakisafiri kutoka nje ya Uholanzi. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita, ratiba haikutoboka. Jumla ilizidi saa 2,300.

Pia ilibidi iwe ibada ya kweli. Ingekuwa mchungaji amekaa kitini anasoma gazeti huku mshumaa ukiwaka, mwanasheria yeyote wa serikali angeweza kudai mahakamani kwamba ni maigizo. Kwa hiyo waliimba, wakahubiri, wakasoma Maandiko, wakaomba, hata usiku wa manane wakati waliohudhuria walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mpangilio wa ibada moja uliunganishwa na wa ile iliyofuata katika faili la kompyuta lililozidi kurasa elfu moja. Mlutheri, Mkatoliki na Mpentekoste kila mmoja alileta namna yake ya kusali, na kila mmoja alirudi nyumbani kuwasimulia waumini wake alichokiona. Hivyo zamu zenyewe zikawa uhamasishaji: mamia ya mimbari zilipata habari kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Jambo la tatu ni kwamba familia haikufichwa. Serikali ilijua anwani. Derk Stegeman, aliyekuwa msemaji wa Bethel, na Theo Hettema, mwenyekiti wa baraza kuu la wachungaji wa Kiprotestanti, walizungumza na waandishi wa habari wazi na kwa staha. Walisema wanataka kuipa familia utulivu na kuzungumza na Mark Harbers, naibu waziri aliyeshughulikia uhamiaji. Harbers alishikilia uamuzi wake. Hata hivyo kila siku aliyoshikilia, ibada nayo iliendelea, na kamera zilikuwa mlangoni.

Tusisahau upande wa pili. Ulinzi wa namna hii unafaa pale tu dola inapokubali kuheshimu sheria yake. Wakenya wanakumbuka Julai 7, 1997, polisi walipovamia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi na kuwapiga watu waliokuwa ndani. The Hague askari walibaki nje. Anayetaka kuiga njia hii aulize kwanza polisi wa nchi yake wana desturi gani.

Sasa siasa. Serikali ya wakati huo ilisimama juu ya viti 76 kati ya 150 bungeni, kwa vyama vinne. Viwili, D66 na ChristenUnie, vilikuwa tayari vinataka watoto wahurumiwe. VVD, chama cha waziri mkuu, kilikataa. Katikati walikuwa CDA, wenye asili ya Kikristo, ambao wapiga kura wao wengi ndio hao waliokuwa wakisikia habari za Bethel kila Jumapili. Septemba 2018 nchi nzima ilikuwa imekwisha kumwona Harbers akiwaruhusu kubaki ndugu wawili Waarmenia dakika za mwisho, kwa hiyo hoja kwamba haiwezekani ilikuwa imedhoofika. Januari CDA wakabadili msimamo. VVD wakabaki peke yao, na kwa wingi wa kiti kimoja hakuna chama kinachoweza kuwapuuza wenzake watatu. Ibada haikumshawishi naibu waziri. Iliwapa wanasiasa muda wa kugeuka, na muda ndicho kitu ambacho familia inayosubiri ndege haina.

Januari 29 vyama vilikubaliana. Maombi ya watoto wapatao 700 waliokuwa wamekataliwa yangeangaliwa upya, na ilitarajiwa takribani asilimia 90 wangebaki. Kesho yake ibada ikafungwa.

VVD hawakutoka mikono mitupu. Mpango wa watoto ulifutwa kwa wale watakaokuja baadaye. Mamlaka ya waziri ya kumruhusu mtu kwa huruma, yale yaliyowaokoa ndugu wale wawili, yaliondolewa, na kuanzia Mei 2019 uamuzi wa aina hiyo ukapewa mkuu wa idara ya uhamiaji, ambaye angeupima katika ombi la kwanza tu la hifadhi. Idadi ya wakimbizi ambao Uholanzi ingewapokea kila mwaka kupitia Umoja wa Mataifa ikashushwa kutoka 750 hadi 500.

Kwa hiyo nawasifu Bethel bila kusita: walichoahidi walikitimiza, tena wakafungua mlango kwa mamia ya watoto wasiowajua. Lakini bei ililipwa na wakimbizi 250 kwa mwaka waliokuwa kambini, ambao hawakuwa na kanisa la kuwasemea siku vyama vilipokaa mezani.