Simba ana jina, susu je?

Kwenye insha za shule tulifundishwa kuandika "uraibu wangu ni kuchora." Hakuna aliyetuambia kwamba neno hilo hilo ndilo la mtu aliyenaswa na miraa. Kwa lugha yetu, kitu unachofanya kupitisha wakati na kitu kinachokushika usiweze kukiacha vina jina moja, na mimi naona ni sawa. Tangu niache chuo naishi kwa kuandikia watu makala, na jioni nachora kwa biro: miti ya avokado ya hapa Kikima, matuta ya mashamba ya Mbooni, mbwa wetu, susu akichambua maharagwe. Siuzi. Kwa hiyo nikitazama kazi za watu waliochora mimea, wanyama na watu, sijali sana kama ni "wasanii wa kweli." Nauliza jambo moja: aliyechorwa anabaki nani baada ya mchoraji kwenda zake?

Chukua Joy Adamson. Wengi tunamjua kwa Elsa, simba jike aliyelelewa nyumbani kisha akaandikiwa kitabu, Born Free, mwaka 1960. Lakini kabla ya Elsa alikuwa mchoraji. Alizaliwa 1910 huko Troppau, wakati huo ndani ya himaya ya Austria na Hungaria, akafika Kenya 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea. Bwana akakusanya, bibi akachora kwa rangi za maji. Yale maua, wacha tu. Unaona mshipa wa jani na vumbi la chavua, na huwezi kuchanganya ua moja na lingine.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya kale. Alizunguka nchi miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Makumbusho ya Taifa yanazo, na 1967 akatoa kitabu, The Peoples of Kenya. Mkono ni ule ule. Shanga zinahesabika. Hapo ndipo tunagombana mimi na yeye. Ukiwa Mkamba na umesimama mbele ya picha ya Mkamba, unataka kujua huyu ni wa kwa nani, ametoka mlima gani, kwa nini amekaza midomo hivyo. Mara nyingi unachopewa ni kabila na cheo. Amechorwa kama ua, mfano wa aina yake. Simba ndiye aliyepata jina.

Utaniambia bila yeye tungekosa hata hizo shanga. Kweli. Mapambo mengi yale hayavaliwi tena, na sisemi picha zitolewe ukutani. Nasema kuangalia vizuri si sawa na kumjua mtu, na picha ikiwa safi sana hatukumbuki kuuliza.

Weka kando yake Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928, akasomea sanaa Makerere mapema miaka ya 1950, kisha maisha yakamfanya mwalimu na mama. Sanaa ikakaa pembeni miaka mingi. Alipoirudia akiwa mtu mzima, rangi zikiwa ghali, alichukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akakata vipande vidogo vidogo na kubandika: kuku, ng'ombe, wanawake wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York, yeye akiwa mwanamke pekee kwenye maonyesho hayo.

Kuku wa Karuga hana manyoya ya kuhesabu, lakini ametoka kwenye vitu vya jikoni, kule kule kuku huingia kudokoa. Mchoraji yuko ndani ya picha pamoja na anaowachora. Wanaoga kwa sabuni moja. Lakini tusimpe alama zote eti kwa sababu alihangaika. Karatasi iliyokatwa haishiki uso kama rangi ya maji. Mwanamke wake anaweza kuwa jirani yeyote, na kwa hilo Adamson anamshinda.

Kwa hiyo sisi wa kuchora wikendi tuna la kuiba kwa kila mmoja: jicho la Adamson, na mahali aliposimama Karuga. Hili si la darasani. Babu yangu alituachia picha moja tu, ile ya kitambulisho, uso umekakamaa mbele ya kamera ya serikali. Susu akiondoka atakuwa na daftari zima la biro, mistari mingi ikiwa imepinda. Nyuma ya kila ukurasa naandika jina lake, tarehe, na alichokuwa akisema wakati huo, mara nyingi akilalamika kwamba nimemfanya mnene. Hakuna makumbusho yatakayozitaka, na ni poa. Ila mtu wa kwetu akizishika miaka 50 ijayo, hatasoma tu "mwanamke wa Kikamba."