Mti Unaopisha Nuru: Michoro ya Wino ya Ibrahim El-Salahi

Mchoro usioonyesha sura ya kitu waziwazi huhukumiwa upesi, na mara nyingi huhukumiwa vibaya. Mtazamaji hutafuta jani, tunda au ndege. Asipoviona hunena kwamba mchoraji hakujua kuchora, au kwamba alichora ili kuwapendeza watu wa Ulaya. Michoro ya miti ya Ibrahim El-Salahi wa Sudan, ambaye jina lake ni kubwa London lakini halijaenea sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, yafaa kuipima hukumu hiyo.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, tangu 1954 hata 1957, kisha akarudi kufundisha Khartoum. Mwaka 1975 alitiwa gerezani bila ya kushtakiwa, akakaa humo kwa muda wa miezi sita na siku chache. Humo alichora kwa siri juu ya vipande vidogo vya karatasi, akavifukia mchangani. Baadaye alijenga michoro mikubwa kwa kuunga kipande na kipande; mmoja wao, wa miaka ya 1984 na 1985, una sehemu tisa. Mwaka 2013 kazi zake zilikusanywa na kuonyeshwa katika jumba la Tate Modern.

Mti unaorudiwa katika michoro yake ya uzeeni ni haraz, ulio katika jamii ya migunga, uotao kando ya mto Nile na upatikanao Tanzania pia. Tabia yake ni kinyume cha miti mingine: hupukutisha majani wakati wa mvua, na kuvaa kijani wakati wa kiangazi. Karatasini shina lake ni mistari iliyosimama sambamba, na matawi yamegeuzwa kuwa mistari ya kulala na pembe. Mkono ni wa mtu aliyejifunza khati ya Kiarabu tangu utotoni. Aliyepata kuziona tendi za pwani zilizoandikwa kwa herufi hizo atautambua mwendo wa kalamu: hapa imekazwa, pale imeinuliwa.

Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba haraz ni ishara ya ukaidi wa watu wasiokubali kuinamishwa, na mchoraji mwenyewe ameuhusisha mti huo na tabia ya watu wake. Tafsiri hiyo ina uzito, hasa ikikumbukwa kifungo chake. Lakini haitoshi, kwa kuwa yatazama kile mti unachokikataa, ikasahau kile unachokitoa.

Katika Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kahawa na migomba huishi pamoja na miti yenye majani, na wema wa mti hupimwa kwa kivuli chake. Mtu wa huko akiuona mti mtupu katikati ya masika, yamkini atadhani umekufa. Mkulima apandaye nafaka chini ya haraz anajua vingine. Majani yaliyoanguka huirutubisha ardhi, na matawi matupu huiachia mimea jua lake. Kiangazi kikiingia, mti huo huo huwapa mifugo kivuli, na maganda ya mbegu zake huwa chakula chao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi utupu wa haraz si ukaidi peke yake, bali pia ni kupisha.

Maana hii ya pili ndiyo ionekanayo katika michoro iliyo bora. Pale rangi zinapojipanga kwa unadhifu mno katika miraba yake, mti hupotea, likabaki pambo la kupendeza jicho. Lakini pale wino mweusi unapoachwa peke yake, weupe ulio kati ya matawi huwa na uzito sawa na matawi yenyewe, na mtazamaji huiona nuru ikipita. Mvua haikuchorwa, wala mahindi hayakuchorwa. Nafasi yao imeachwa wazi.

Kwa hiyo shutuma kwamba mchoraji ameshindwa kuchora majani haina msingi. Majani yangeiziba nuru ambayo mti wenyewe umejivua ili kuipisha.